Straika wa Ifakara ana mabao mangapi? 'Mengi'

KILA msimu, straika yeyote wa Ligi Kuu Bara akikaribia mabao 20, jina moja linafufuliwa: Mohamed Hussein 'Mmachinga'. Mwaka 1999, akiwa na jezi ya Yanga, alitupia 26. Tangu hapo wamepita wakali wa kila aina na namba hiyo imekaa palepale. Meddie Kagere aliisogelea akiwa Simba, akaishia 23 msimu wa 2018/19, akarudi msimu uliofuata akaishia 22. Amissi Tambwe aliishia 21. Emmanuel Okwi 20. Stephane Aziz Ki, ambaye hata straika si straika, naye akagota 21.

Mashabiki wanabishana hadi mate yanakauka. Kwamba zamani mabeki walikuwa wakatili, au zamani mabeki walikuwa wazembe. Kwamba Mmachinga angekuwepo leo angefunga 40, au asingepata hata namba. Ubishi mtamu. Lakini unawezekana kwa sababu moja tu: kuna mtu aliandika 26.

Sasa toka Dar es Salaam, pita Morogoro mjini, fika Mikumi, kata kushoto. Shuka Kidatu kwenye miwa, pita Mkamba, pita Mang'ula huku milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kulia, fika Ifakara. Kaa kijiweni pale Kibaoni, agiza chai, halafu uliza swali lilelile: nani mfungaji mkali kuliko wote aliyewahi kutokea huku?

Majina utapewa, na hayatafanana. Kibaoni watakuwa na lao, Mlabani lao, Viwanja Sitini lao. Vuka daraja la Mto Kilombero uende Lupiro, utapewa jina la nne na utaambiwa hao wengine wote walikuwa wanamfungia viatu. Haya, uliza swali la pili: alifunga mabao mangapi?

"Mengi."

Ndiyo namba yenyewe hiyo. Ukibana sana utaongezewa: "Mengi sana, mzee." Hakuna msimu wala idadi ya mechi, na huyo aliyefungwa hatajwi. Bonde lote, kutoka Kidatu hadi Mlimba, limejaa wafungaji wa 'mengi', na mfungaji wa 'mengi' hana tofauti na mhusika wa hadithi. Anasimuliwa tu. Akikosewa jina hakuna wa kusahihisha, na akizidishiwa mabao hakuna wa kupinga. Kinachouma zaidi ni pale anapopunguziwa, maana hakuna wa kumtetea.

Watu wa mpira nchini wanapenda kulalamika kwamba Tanzania haizalishi mastraika, kwamba kila mwaka Simba na Yanga zinapanda ndege kwenda kutafuta wa kufunga. Kabla ya kukubali maneno hayo, mtu ajiulize kidogo. Unajuaje kwamba hawapo, wakati hakuna anayewahesabu?

Mtunge straika mmoja kichwani. Hayupo, ni wa kufikirika, lakini kila aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa Ifakara atamtambua. Mpe jezi namba tisa, muite Tisa.

Tisa anaanza shule ya msingi. UMITASHUMTA inamkuta darasa la sita akiwa tayari anapiga kwa miguu yote miwili. Anafunga. Mwalimu wa michezo anaandika matokeo kwenye daftari, mwaka unaofuata mwalimu anahamishwa, na daftari linaondoka naye au linafungia vitumbua. Sekondari anacheza UMISSETA, anafunga tena. Akimaliza kidato cha nne anarudi nyumbani, na hapo ndipo maisha yake halisi ya soka yanapoanza: ndondo.

Mpira wa bonde hili una majira yake. Masika mto unafura, mashamba yanajaa maji, na viwanja vingine vinageuka majaruba. Hakuna anayecheza. Mpunga ukishavunwa, hela inapoingia mifukoni, ndipo makombe yanapofumuka kila kijiji. Kombe la mbuzi, kombe la ng'ombe, kombe la diwani, kombe la seti ya jezi. Kwa miezi michache hiyo Tisa anaweza kucheza mechi nne kwa wiki, pengine zaidi ya mechi anazocheza straika wa Ligi Kuu kwa mwezi mzima.

Ila hachezi timu moja. Jumatano yuko na timu ya mtaani kwake. Ijumaa anafuatwa na bodaboda kwenda kuchezea Mang'ula kama mamluki, nauli juu yao, posho akifunga. Jumapili anavuka mto kwenda Minepa, na huko ameandikishwa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu kanuni za kombe hilo zinataka wachezaji wa kijiji tu. Zamani angalau pantoni lilikuwa linawachuja mamluki, maana likichelewa nao wanachelewa. Siku hizi daraja lipo, mtu anacheza mechi ng'ambo mchana na nyingine nyumbani jioni.

Mwisho wa msimu Tisa amefunga, tuseme, mabao 50. Sasa yatafute. Kumi na tano yako kwa jina lake, ishirini yako kwa jina la binamu wa katibu wa timu ya kijiji kingine, na yaliyobaki yako kwa jina la 'Drogba'. Hakuna karatasi hata moja inayoyaweka mabao hayo kwa mtu mmoja. Huyu ni straika aliyefunga 50 na kwenye maandishi ni sifuri.

Halafu anapata bahati. Mjomba wake anamfahamu mtu anayemfahamu kocha wa timu ya Championship, anaitwa majaribio. Anasafiri usiku kucha. Asubuhi anajikuta na vijana 60 wanaogombea nafasi mbili, kila mmoja anapewa dakika 20, na pasi hazimfikii kwa sababu kila mtu uwanjani anataka yeye ndiye aonekane. Kocha anamuuliza swali la kawaida kabisa: umecheza wapi, umefunga mangapi?

Jibu lake linajulikana. Na pembeni yake kuna kijana mwingine, muongo wa mjini, anayesema "nimefunga 37" bila kupepesa macho. Kocha hana namna ya kujua yupi mkweli, kwa hiyo anafanya ambalo kocha yeyote angefanya: anamchukua yule aliyeletwa na mtu anayemwamini. Tisa anarudi Ifakara. Mwaka wa tatu wa kujaribu anakuwa na miaka 24, ana mtoto, na msimu wa miwa Kidatu unamlipa vizuri kuliko mabao.

Wapo watakaosema hizo ni hadithi tu, na ni kweli, Tisa ametungwa. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakutungwa, na alitokea upande wa pili wa reli.

TAZARA inapita Ifakara. Treni hiyohiyo inayoshusha watu Mang'ula, Ifakara na Mlimba inaendelea hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na kutoka hapo Kabwe haiko mbali. Mwaka 1972, wakati reli hiyo bado inajengwa, klabu ya Kabwe Warriors ilikuwa na straika anayeitwa Godfrey Chitalu. Kwa hesabu ya Wazambia, mwaka huo peke yake Chitalu alifunga mabao 107.

Hiyo 107 ni ya mwaka mmoja, Januari hadi Desemba.

Dunia haikujua, na kwa miaka 40 hakuna aliyeuliza. Kilichokuwa kinajulikana ni kwamba mwaka huohuo wa 1972, Mjerumani Gerd Müller alifunga 85, na hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Mwaka 2012 Lionel Messi akaivunja kwa kufikisha 91, 79 akiwa na Barcelona na 12 akiwa na Argentina. Magazeti ya dunia yakapiga shangwe. Hapo Chama cha Soka cha Zambia kikanyanyua mkono na kusema: samahani, sisi tuna mtu wetu.

FIFA ikajibu kwamba haitunzi takwimu za mashindano ya ndani ya nchi, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha. Jibu la kistaarabu, lakini maana yake ilikuwa moja. Müller anajulikana, Messi anajulikana, Chitalu anasimuliwa.

Hata hivyo Chitalu alikuwa na kitu ambacho Tisa hana. Alikuwa na magazeti. Zambia ya mwaka 1972 ilikuwa na waandishi waliokuwa wanakwenda uwanjani na kuandika nani kafunga, na miaka 40 baadaye wenye moyo wa kutafuta wakakaa na makaratasi hayo wakahesabu bao moja baada ya jingine. Mwenyewe hakuwepo kuona. Alifariki Aprili 27, 1993, akiwa kocha wa timu ya taifa, ndege yao ilipoanguka baharini Gabon na kuua wote waliokuwemo. Leo mtu anaweza kuikataa 107, anaweza kusema mechi fulani zilikuwa za kirafiki, anaweza kutaka zitolewe. Lakini anabishana na orodha. Habishani na wazee wa kijiweni.

Hata Pele hakukwepa kesi hii. Messi alipoipita mwaka 2020 namba yake ya mabao 643 kwa klabu moja, Santos walikuja juu wakidai kuna mabao 448 ya mechi za kirafiki yameachwa, kwamba jumla halisi ya Pele Santos ni 1,091. Wengi waliwacheka. Wasichokiona waliocheka ni kwamba Santos waliweza kudai 448, si 'mengi'. Kuna mtu alikuwa anaandika hata mechi ya kirafiki.

Kwetu ugonjwa huu haukuanzia Ifakara. Zamoyoni Mogella, 'Golden Boy', alitokea mkoa huuhuu wa Morogoro, akicheza Tumbaku kabla ya Simba kumbeba. Waliomuona miaka ya 1980 wanakuapia kwa mikono miwili kwamba hajatokea kama yeye. Waulize jumla ya mabao yake yote, Tumbaku, Simba, Yanga na Taifa Stars, uone kila mmoja atakavyokuja na hesabu yake. Na huyo ni Mogella, staa wa nchi nzima. Straika wa Mngeta utamkuta wapi?

Linganisha na bao lililoandikwa. Julai 19, 1977, Simba iliipiga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Shabiki aliyezaliwa miaka 30 baadaye anakutajia tarehe, anakutajia wafungaji, wengine hadi dakika. Mechi moja tu, ila ilikuwa na waandishi, basi inaishi hadi leo na hakuna Mwananchi anayeweza kuifuta, japo wangependa.

Na angalia kinachotokea kwa mtu wa mikoani akishaingia mahali anapohesabiwa. Msimu wa 2016/17, Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting alimaliza na mabao 14, sawa na Simon Msuva wa Yanga, na wote wawili wakawa wafungaji bora. Msimu wa 2021/22, George Mpole akiwa na Geita Gold iliyokuwa ndiyo kwanza inaonja Ligi Kuu alifunga 17, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Bao moja! Mayele alikuwa na timu bingwa nyuma yake, viungo wa kumlisha, uwanja uliojaa. Mpole alikuwa na Geita. Kama ligi ile ingekuwa ya kusimuliwa, nani nchi hii angekubali kwamba Mpole alimzidi Mayele? Wangesema watu wa Geita wana chumvi. Namba ilimtetea, na haikupita muda mrefu akawa Lubumbashi na jezi ya Lupopo.

Mbwana Samatta ndiye mfano mkubwa kuliko wote, na watu wanamsoma vibaya. Husemwa kila siku kwamba ni kipaji na juhudi. Ni kweli. Lakini tangu TP Mazembe walipomuona walipokutana na Simba mwaka 2011, maisha yake yote ya mpira yako kwenye maandishi. Mabao saba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, kombe, tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mabao 23 ya ligi Ubelgiji msimu wa 2018/19, Genk bingwa. Kichwa cha dakika ya 40 pale Anfield, Novemba 5, 2019. Kichwa kingine Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi mosi, 2020. Kila klabu iliyomsajili ilifungua ukurasa ikasoma.

Ukitaka mabao yake ya viwanja vya Mbagala alipokuwa mtoto, hapo unarudi kwenye 'mengi' kama kawaida. Tofauti ni kwamba Mbagala iko Dar es Salaam. Mwenye macho anapanda daladala, anaona mwenyewe, hahitaji karatasi. Ifakara iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar. Hakuna skauti atakayepanda basi kilomita 400 kwa sababu ya neno 'mengi'. Atapanda akisikia kuna kijana ana mabao 31 kwenye mechi 24, jina lake hili, amezaliwa mwaka huu, na matokeo yote haya hapa.

Kuna hoja ya wajuzi, na ina uzito wake. Wanasema mabao ya mchangani si mabao. Beki anacheza pekupeku, kipa ni fundi baiskeli, uwanja una kichuguu kwenye kumi na nane. Mtu kufunga 50 hapo hakumfanyi kuwa Kagere. Sawa kabisa. Wengi wa wafungaji hao wakipandishwa daraja mbili tu watapotea, na hakuna ubaya. Ila hoja hiyo haimalizi kesi. Namba ya mchangani haisemi huyu ni mkali. Inasema nenda kamuangalie huyu kwanza, wale 59 wengine baadaye. Kwa nchi ambayo klabu zake nyingi hazina hata hela ya kumlipa skauti mmoja wa kudumu, kujua pa kuanzia ni nusu ya kazi.

Isitoshe, mpira wa bonde hili si wa kudharauliwa hivyo. Mkamba Rangers walifika Daraja la Kwanza, na msimu wa 2012/13 walikuwa kundi moja na Mbeya City, ile Mbeya City iliyopanda na kuja kuwatoa jasho wakubwa msimu uliofuata. Mkoa huu ulitoa bingwa wa nchi, Mseto, mwaka 1975. Mtibwa Sugar kutoka Turiani, kijiji cha miwa tu, ilibeba ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Miwa hata Kilombero ipo, tena ya kutosha. Timu ya Ligi Kuu ndiyo haipo.

Hoja ya pili ni ya viongozi: hakuna bajeti. Hii haina uzito wowote. Daftari la kaunta linauzwa kila duka la vifaa vya shule pale sokoni. Kalamu ni hela ya pipi. Mechi za ligi ya wilaya zina mwamuzi, mwamuzi anaandika ripoti, na mabao yamo kwenye ripoti. Kazi ya kwanza imeshafanyika. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikusanya ripoti hizo, kuzinakili sehemu moja, na kubandika orodha ya wafungaji ukutani kila Jumatatu. Mwenye simu apige picha. Redio ipo, Pambazuko FM iko palepale Ifakara, na ng'ambo Mahenge kuna Ulanga FM. Mpe mtangazaji wa michezo orodha ya wafungaji kumi wa bonde kila wiki, uone kama atakosa cha kusema, na uone kama wasikilizaji hawatapiga simu kubishana.

Ubishani huo ndio dawa yenyewe. Siku watu wa Mlimba wakisikia redioni kwamba wa Kidatu ana 19 na wa kwao ana 18, watajaa uwanjani kuhesabu wenyewe. Straika akijua bao lake linaandikwa kwa jina lake, atafikiria mara mbili kabla ya kwenda kucheza kwa jina la binamu wa katibu, maana bao hilo amempa mtu. Mchezo wa mamluki umepigiwa kelele miaka nenda rudi, kanuni zimetungwa, timu zimepokwa pointi, na bado upo. Pengine daftari litafanya ambalo faini zimeshindwa.

Wakorofi watakuwepo. Kuna katibu atakayemuongezea mwanaye mabao manne, kuna mwamuzi atakayesahau jina. Kosa lililoandikwa angalau linaonekana, linaweza kupingwa, timu iliyofungwa inaweza kusema siku hiyo tulifungwa moja, hayo mawili yametoka wapi? Chitalu mwenyewe bado anapingwa hadi leo, na kupingwa kwake ni heshima kuliko kimya alichokaa nacho miaka 40.

Wa kuanza si TFF. TFF ina Ligi Kuu, ina Championship, ina kesi zake za kila siku, haitakuja kuhesabu mabao ya Mchombe. Wa kuanza ni vyama vya soka vya wilaya, na wakishindwa hao, kamati ya kombe lolote litakaloanza mpunga ukishaingia ghalani. Kombe la mbuzi lina mweka hazina wa kuhesabu viingilio hadi shilingi ya mwisho. Akae na mwenzake mmoja meza hiyohiyo, na daftari lenye mistari sita: tarehe, uwanja, timu, matokeo, dakika, mfungaji. Na kwenye mstari wa mfungaji yaandikwe majina matatu, kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Siyo 'Drogba'. Bonde hili peke yake lina akina Drogba zaidi ya kumi, na mmoja wao ni golikipa.